Likasi: Zamani apranti alilipwa, leo analipa ili afundishwe kazi

Saa moja asubuhi, kando ya barabara kubwa inayoyaleta malori kutoka Lubumbashi na kuyapeleka upande wa Kolwezi, garaji za Likasi zinaanza kufunguliwa. Wanaotangulia kufika ni vijana wa kazi. Wanafagia uwanja, wanatoa jeki, wanapanga funguo juu ya gunia, namba ndogo upande mmoja, namba kubwa upande mwingine. Jioni wao ndio wa mwisho kuondoka, mikono ikiwa myeusi kwa mafuta. Kutwa nzima wamefungua matairi, wameosha injini, wamelala chini ya gari kushika taa ili fundi aone. Lakini siku ya malipo ikifika, wengi wao hawamo katika hesabu.

Mjini wanaitwa maapranti, yaani wanafunzi wa kazi. Wako kwenye garaji, kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa maseremala, kwa wanaosuka upya mota za umeme zilizoungua, na katika vyumba vya ushonaji ambako wasichana ndio wengi. Wako katika komini zote za mji: Likasi, Kikula, Panda na Shituru.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Kwa muda mrefu, kijana wa hapa aliweza kujifunza ufundi huku kampuni ikimlisha na kumpa malipo. Leo mambo yamegeuka: mzazi ndiye anayetoa pesa ili mtoto wake apokelewe. Mageuzi hayo yanagusa zaidi ya mfuko wa familia moja, kwani ndiyo yanayoamua nani katika mtaa atakuwa fundi, na nani atachukua gunia na sururu kwenda kuchimba.

Namna mambo yanavyopangwa

Mapatano kati ya mzazi na fundi kwa kawaida hufanywa kwa mdomo. Baba, mama au mjomba humpeleka kijana, hutoa kiasi walichokubaliana, na mara nyingine kitu cha heshima juu yake. Kiasi hicho hakina bei moja. Hutegemea aina ya kazi, jina la fundi, na kama kuna udugu kati yao. Muda nao hautajwi wazi kila mara: wengine husema mwaka, wengine miaka miwili, wengine husema tu kwamba kijana ataondoka siku atakapokuwa amejua.

Tangu siku hiyo, kijana anakula kwao, anavaa nguo za kwao, anatembea kwa miguu au kulipa usafiri kwa pesa ya kwao. Anayejifunza kushona hutakiwa mara nyingi kuja na kitambaa chake, uzi wake na makasi yake. Kitu pekee kinachoingia mfukoni ni matabishi: mteja aliyefurahi anapotoa franga kidogo, au fundi anapogawa ya sabuni siku ya Jumamosi kama wiki ilikuwa nzuri.

Miezi ya kwanza, hali hiyo inaeleweka. Kijana hajui kitu, anaweza kuvunja boliti, kuunguza mota, kukata kitambaa cha mteja vibaya. Ugumu unaanza baadaye. Mwaka wa pili, apranti yule yule anashusha gia boksi peke yake, anachomelea mlango wa chuma bila kusimamiwa, anamaliza gauni la harusi. Mteja analipa bei kamili ya kazi. Aliyeifanya bado anasubiri matabishi.

Zamani ilikuwaje

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Likasi, ambayo baadaye ilipewa jina la Jadotville, ikawa moja ya vituo vyake vikubwa: Shituru kwa kusafisha shaba, Panda kwa karakana kubwa za kutengeneza na kukarabati mashine. Miaka ya kwanza kampuni ilitegemea wafanyakazi wa kuja na kurudi, walioletwa kwa mikataba mifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili njia. Iliamua kukaa na mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake, ikawajengea kambi, ikawapa posho ya chakula, hospitali na shule zilizoendeshwa na wamisionari.

Shule hizo zilikuwa na lengo. Mtoto wa mfanyakazi alisoma kuandika na kuhesabu, kisha wale waliochaguliwa wakaelekezwa kwenye mikono: kufua chuma, kuchonga vyuma kwa mashine, umeme, useremala, kuendesha mitambo. Karakana ndiyo iliyokuwa darasa. Kijana alijifunza kwa kufanya, chini ya jicho la fundi mzee, naye alikuwa tayari ndani ya kampuni: posho anapata, malipo kidogo anapata, na mbele yake anaona ngazi ya kupanda.

Haikuwa paradiso. Wakati wa ukoloni ngazi hiyo ilikuwa na mwisho kwa Mwafrika, na malipo yalikuwa madogo sana. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, hapa Jadotville na pia Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Askari waliwapiga risasi, na watu wengi wakauawa. Kwa hiyo hata malipo ya wakati ule, ambayo wazee huyakumbuka kwa hamu, yalidaiwa kwa damu.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo ikaja kuitwa Gécamines. Mpango wa baba wa familia uliendelea: shule, hospitali, posho, na mafunzo ya kazi kwa vijana. Msemo wa wafanyakazi ulikuwa mmoja: kazi njo baba, kazi njo mama. Kijana wa Panda au Shituru alijua kwamba akishika vizuri, njia ya baba yake itakuwa pia njia yake.

Baba anapoondoka

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha vikaja vipigo mfululizo: mashine zilizochakaa bila kubadilishwa, kubomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, na fujo za miaka ya 1992 na 1993, ambapo familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, wakiwamo mafundi wengi wa Likasi na Kolwezi. Kufikia mwaka 2003, shaba iliyotolewa haikufika hata tani 20,000, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Mwaka huo huo, kwa pesa za Benki ya Dunia, kulifanyika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 walitoka Gécamines kwa pamoja. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameisha kuandika, katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, juu ya watu wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo liliwakaa vizuri wale wa 2003.

Lakini ufundi hauondoki na mshahara. Wengi walirudi nyumbani na kitu ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya: walijua kutengeneza pampu, kusuka mota, kuchonga ekseli, kusoma mchoro wa umeme. Wakafungua vibanda vyao, uani au kando ya barabara. Vijana wa mtaa wakaja kusimama pembeni na kutazama. Hivyo karakana kubwa ikavunjika kuwa karakana ndogo nyingi, na mafunzo yakaendelea bila kampuni, bila posho, bila karatasi.

Hesabu ya umri inasema wazi. Aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2003 sasa amepita 70. Kila mwaka wazee hao wanapungua, na kila anayezikwa bila kumfundisha mtu anaondoka na shule nzima. Mji una haraka ya kurithi ufundi wao, lakini vijana wenye uwezo wa kukaa miaka miwili bila franga ni wachache.

Shimo linalipa leo

Katika familia ambayo chakula cha jioni kinatafutwa asubuhi, kijana wa miaka 18 ni mikono miwili. Akienda garaji, mikono hiyo haileti kitu nyumbani kwa miezi mingi, na bado inadai usafiri na chakula. Akienda kuchimba, kubeba magunia au kuosha madini, anaweza kurudi na kitu siku hiyo hiyo.

Kila mtu Likasi anajua hatari ya njia hiyo. Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani usio mbali na mji, ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Watu waliendelea kuingia, na Julai mwaka huo shimo liliwabomokea wachimbaji na kuua baadhi yao. Tangu wakati huo, habari za mashimo yaliyoanguka upande wa Kambove, Kolwezi na kwingine hazijakoma.

Kwa hiyo kusema kwamba vijana wa leo hawapendi kujifunza ni kuwaonea. Wengi wanachagua kati ya njaa ya miaka miwili na pesa ya leo. Mwenye mjomba anayefanya kazi kampuni atavumilia kwa fundi hadi mwisho. Mtoto wa mjane ataacha katikati, akiwa amejua kufungua injini lakini hajajua kuifunga.

Fundi naye ana hesabu yake

Ingekuwa rahisi kumtupia fundi lawama yote. Mafundi wana majibu yao, na ni ya kweli. Apranti wa mwaka wa kwanza ni gharama: anatumia muda wa fundi, anaharibu vyombo, na kosa lake linalipwa na mwenye garaji mbele ya mteja. Umeme ukikatika siku tatu, mashine ya kuchomelea inalala. Wateja wanachukua gari kwa ahadi. Watoza kodi wanapita, kila mmoja na karatasi yake. Na kijana akiisha kujua, anaweza kuondoka kesho na kufungua kibanda chake mtaa wa pili, akichukua na wateja.

Kwa hiyo pesa anayodai mwanzoni ni bima yake. Swali ni kama bima hiyo inapaswa kuendelea wakati kijana ameanza kuingiza pesa.

Nchi nyingine zimejibu swali hili kwa kupandisha malipo kidogo kidogo. Ujerumani, ambako vijana wengi husomea kazi nusu shuleni nusu kiwandani, tangu Januari 2020 sheria inaweka malipo ya chini kwa wanafunzi wa kazi. Walioanza mwaka huo hawakupaswa kupewa chini ya euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kiwango hicho kinaongezeka kwa asilimia 18, na wa tatu kwa asilimia 35 juu ya kile cha kwanza. Likasi si Ujerumani, na hakuna garaji ya Kikula inayoweza kutoa euro hizo. Lakini hesabu iliyomo ndani inaeleweka hata chini ya mwembe: anayejua kidogo apate kidogo, anayejua zaidi apate zaidi, na hakuna anayebaki kwenye sifuri hadi mwisho.

Juni 2023, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu mafunzo bora ya uanagenzi. Linazitaka nchi zihakikishe kwamba mwanafunzi wa kazi ana mapatano ya maandishi, anapata malipo au fidia nyingine ya pesa, anapumzika, na analindwa dhidi ya ajali. Pendekezo halifungi nchi kama mkataba wa kimataifa, ila linatoa kipimo.

Sheria ipo tayari

Kongo haianzi kutoka sifuri. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina sehemu nzima juu ya mkataba wa kujifunza kazi. Ndani yake, anayefundisha anajifunga kumpa mwanafunzi mafunzo yenye mpango na yaliyo kamili. Mwanafunzi naye anajifunga kufuata maagizo na kufanya kazi anazopewa kwa ajili ya kujifunza. Maneno hayo mawili, mpango na kamili, yana uzito. Kumtuma kijana mwaka mzima kununua mikate na kuosha gari la patroni si mafunzo yenye mpango.

Chombo nacho kipo. INPP, taasisi ya taifa ya kutayarisha watu kwa kazi, iliundwa tarehe 29 Juni 1964, na ina kituo kikubwa Lubumbashi, umbali wa kilomita kama 120 kutoka Likasi. Waajiri wanapaswa kuichangia kwa kiasi kinachohesabiwa juu ya mishahara wanayolipa. Maana yake ni kwamba sheria imekwisha kukubali kwamba mafunzo ya kazi yagharimiwe na kazi yenyewe, bila kuwaachia wazazi mzigo wote.

Kuna mlango mwingine, ule wa migodi. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zinazochimba kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Kampuni pia husaini na jamii hizo daftari la ahadi, linaloitwa cahier des charges. Mara nyingi ahadi zinazoandikwa humo ni shule, zahanati, visima na barabara. Hakuna ubaya. Lakini darasa likijengwa na kijana akatoka humo bila kazi, nusu ya safari imebaki. Viongozi wa mitaa wanaokaa kwenye meza hiyo wanaweza kuomba kitu kingine pia: nafasi kadhaa za maapranti kila mwaka katika karakana za kampuni au za wakandarasi wake, pamoja na malipo ya mwezi na karatasi mwishoni.

Sheria ya Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo nayo inataka kazi hizo zipewe kampuni za Wakongo. Kampuni hizo zitahitaji wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi mitambo. Bila kuwafundisha vijana wa hapa, zitawatafuta mbali.

Karatasi ya mwisho

Hata kwa anayevumilia hadi mwisho, kuna ukuta mmoja. Kampuni inapotangaza nafasi, inaomba cheti. Kijana wa garaji ana mikono, hana karatasi. Anaweza kusikiliza injini na kutaja ugonjwa wake kabla haijafunguliwa, lakini faili lake linabaki chini ya mengine.

Jirani zetu wa Tanzania wametafuta njia. Mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, VETA, inawapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa cheti wanaofaulu, bila kuwarudisha darasani kuanza upya. Mtu anaonyesha anachojua, anajazwa pale palipopungua, na serikali inaweka muhuri. Kwa mji kama Likasi, wenye mafundi wengi wasio na karatasi, njia ya namna hiyo ingefungua milango mingi kwa pesa kidogo.

Kinachowezekana kuanzia kesho

Wakati sheria inasubiri kutekelezwa, familia na fundi wanaweza kujilinda kwa ukurasa mmoja wa daftari. Uandikwe kwa lugha wanayoielewa wote, nakala mbili, mbele ya shahidi anayeheshimiwa, kwa mfano mkubwa wa avenyu. Ndani yake yawemo mambo haya: mafunzo yataanza na kwisha mwezi gani, kijana atajua nini baada ya miezi sita, mwaka, mwaka na nusu, saa za kazi na siku ya mapumziko, nani analipa hospitali akiumia, kosa la chombo kilichovunjika linahesabiwaje.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: tangu lini kijana ataanza kupata fungu lake. Inaweza kuwa sehemu ndogo ya kila kazi anayoimaliza mwenyewe, kisha sehemu hiyo ipande. Fundi asiye na pesa taslimu anaweza kulipa kwa chombo: mwezi huu funguo, mwezi ujao bisibisi na nyundo, hadi kijana atakapoondoka na kisanduku chake kamili. Yeye naye aandikiwe ulinzi wake: kwamba kijana hataondoka kabla ya mwezi waliokubaliana, na hatachukua wateja wa nyumba.

Ukurasa huo hautarudisha karakana za Panda za miaka ile. Utafanya jambo dogo zaidi: utamwezesha mama kuhesabu. Akijua kwamba mwezi wa saba kijana ataanza kuleta kitu kidogo nyumbani, anaweza kujikaza miezi sita. Asipojua chochote, mwezi wa tatu atamwambia mtoto atafute pengine.

Saa kumi na mbili jioni, malori yamepungua barabarani. Katika garaji, funguo zinahesabiwa na kurudishwa mahali pake, namba ndogo upande mmoja, namba kubwa upande mwingine. Mwenye gari anawasha injini, inaitika, anatabasamu na kumlipa fundi. Kisha anashusha kioo na kumnyoshea kijana noti moja iliyokunjwa. Kijana anaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hiyo ndiyo nauli ya kurudi kesho.